Kawi Inayopotea Hulipiwa na Kila Mkazi

Mada iliyoandaliwa kwa mabaraza ya wakazi wa Kaunti ya Kilifi



Mkazi wa Mtwapa au wa Mariakani anaponunua tokeni, swali lake huwa ni lile lile: mbona pesa ni zile zile na yuniti zimepungua? Swali hilo ni halali, na lina majibu mawili. Jibu la kwanza liko nje ya nyumba yake, kwenye mitambo ya kuzalisha umeme, kwenye nyaya, na kwenye meli za mafuta zinazotia nanga Mombasa. Jibu la pili liko ndani, kwenye taa, friji, pampu na jiko. Mada ya leo inahusu jinsi majibu hayo mawili yanavyokutana, na nini kinachoweza kufanywa na nyumba, biashara na serikali ya kaunti ili gharama ipungue.

Pesa za tokeni huenda wapi

Bei ya stima si kitu kimoja. Kuna bei ya yuniti yenyewe, inayoidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Juu yake huongezwa gharama ya mafuta, ambayo hubadilika mwezi kwa mwezi. Kuna marekebisho ya thamani ya shilingi dhidi ya fedha za kigeni, na ya mfumuko wa bei. Kuna tozo ya EPRA, ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ya usambazaji wa umeme mashambani. Kisha kuna VAT ya asilimia 16.

Katika orodha hiyo, gharama ya mafuta ndiyo inayoguswa zaidi na tabia za wateja. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria karibu na Naivasha, mabwawa ya Mto Tana kama Masinga, Gitaru na Kiambere, upepo wa Marsabit, na jua. Mvuke, maji, upepo na jua havinunuliwi kwa dola. Lakini kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, nchi nzima huwasha taa, runinga, feni na pasi kwa wakati mmoja, na jua limeshazama. Hapo mitambo ya mafuta huhitajika kujazia pengo. Mmoja wa mitambo hiyo uko hapa hapa Kilifi: kituo cha Rabai, chenye uwezo wa megawati 90, huchoma mafuta mazito.

Kenya haina kiwanda cha kusafisha mafuta kinachofanya kazi. Kile cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013. Mafuta yanayotumika nchini hununuliwa ng'ambo yakiwa tayari, kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo lita inayochomwa Rabai saa mbili usiku hulipiwa mara mbili na mwananchi: kwanza kwenye bili yake, na pili kupitia mzigo wa kutafuta dola, ambao huifanya shilingi kuyumba na bei za bidhaa nyingine kupanda.

Umeme usiofika kwa mtu

Kuna upotevu mwingine usioonekana. Katika miaka ya karibuni, zaidi ya moja ya tano ya umeme ulioingia kwenye mfumo wa taifa haukuuzwa kwa mteja yeyote. Sehemu yake hugeuka joto kwenye nyaya na transfoma, hasa laini zikiwa ndefu na zimelemewa. Sehemu nyingine huibwa, au hupimwa na mita mbovu. EPRA huweka kikomo cha upotevu unaoruhusiwa kuingizwa kwenye bei, na kiasi hicho hulipiwa na wateja waaminifu.

Hapa ni vizuri kusema wazi. Waya unaovutwa kwa siri kutoka kwa nguzo hadi chumba cha jirani hauibii kampuni peke yake. Unamwibia mama mwenye friji moja anayelipa kila mwezi. Tena unalemea transfoma ya mtaa. Transfoma ikiungua, kijiji kizima hukaa gizani, zahanati ikiwa pamoja, na chanjo ndani ya friji yake huwa hatarini. Na katika nyumba za makuti, waya uliounganishwa ovyo ni cheche inayosubiri upepo wa kusi. Mkazi anayeona jambo hilo na kunyamaza hamsaidii jirani yake.

Balbu sita

Wengi hudhani kwamba kuokoa kawi ni kukaa gizani. Sivyo. Ni kupata mwanga ule ule, baridi ile ile na chakula kile kile kwa kawi kidogo zaidi.

Chukua nyumba yenye balbu sita za zamani, kila moja ya wati 60, zinazowaka saa tano kila usiku. Kwa siku 30 zitatumia yuniti 54. Balbu za LED za wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na huo. Sita kati ya hizo, kwa saa zile zile, zitatumia yuniti 8 hivi. Tofauti ni yuniti 46 kwa mwezi, na hakuna aliyekaa gizani.

Tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani ina ngazi tatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 31 na 100, na wanaozidi 100. Mteja huwekwa kwenye ngazi kwa wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu. Nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 110 ikishuka hadi 64, haiokoi zile 46 pekee. Wastani wake ukishatulia chini ya 100, hata zile 64 zilizobaki hulipiwa kwa bei ya ngazi ya kati. Ndiyo sababu mkazi aliye karibu na mpaka wa ngazi anafaa kujua yuniti zake za mwezi kama anavyojua karo ya mtoto.

Nchi ilishawahi kujaribu jambo hili kwa upana. Mwaka 2010 wateja wa Kenya Power waligawiwa bila malipo balbu zaidi ya milioni moja za kuokoa umeme, lengo likiwa kupunguza mzigo wa saa za jioni. Leo LED imezipita balbu hizo, na inapatikana katika duka la mtaani.

Baada ya taa, vinafuata vitu vinavyotoa joto. Shawa ya maji moto ya wati 4,500 hutumia robo tatu ya yuniti kwa dakika kumi. Watu wanne wakioga hivyo kila siku, mwezi hufika yuniti 90. Katika hali ya hewa ya Pwani, ndoo ya maji iliyoachwa juani mchana huweza kufanya kazi hiyo bila malipo. Pasi nayo hula umeme mwingi inapopata moto, kwa hiyo nguo za wiki zipigwe kwa mkupuo mmoja, na ikiwezekana mchana badala ya saa mbili usiku.

Friji hujaribiwa kwa karatasi. Mlango ufungwe ukiwa umebana karatasi, kisha ivutwe. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka na baridi inatoroka usiku na mchana. Friji isogezwe mbali kidogo na ukuta ili joto la nyuma lipate pa kutokea, na isiwekwe kando ya jiko. Kwa mchuuzi wa samaki wa Ngomeni au Mayungu, jambo kubwa ni barafu inayoganda kwenye kuta za friza. Barafu hiyo huzuia baridi isifike kwa samaki, mashine ikawa inafanya kazi zaidi kwa faida ndogo. Ikianza kuwa nene, iyeyushwe. Isikwanguliwe kwa kisu.

Anayenunua friji au kiyoyozi kipya atazame lebo ya nyota, inayotakiwa na kanuni za kitaifa za mwaka 2016. Nyota nyingi maana yake ni matumizi madogo. Friji kuukuu ya bei rahisi yaweza kumgharimu mnunuzi tofauti yote ya bei kupitia tokeni, polepole, bila yeye kujua.

Hoteli, viwanda na taasisi

Hoteli za Malindi, Watamu na Kilifi hutumia umeme mwingi kwa viyoyozi, maji moto, jokofu na pampu za bwawa la kuogelea. Kwa wenye matumizi makubwa kuna sheria. Kanuni za usimamizi wa kawi za mwaka 2012 zilimtaka kila mwenye jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kwa mwezi, afanye ukaguzi wa kawi kila baada ya miaka mitatu. Tena ukaguzi usiishie kabatini. Mwenye jengo alitakiwa kutekeleza angalau nusu ya uokoaji uliobainishwa na mkaguzi.

Mengi yanayopatikana katika kaguzi za aina hii si mambo ya ajabu. Ni kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18 huku mlango uko wazi, wakati nyuzi 24 au 25 zingetosha. Ni bomba la maji moto lisilofungwa kitu cha kuzuia joto. Ni mota kubwa inayoendesha kazi ndogo. Hatua hizi huokoa pesa ambazo zingeweza kulipa mshahara wa mfanyakazi msimu wa wageni ukiwa chini.

Maji yanayovuja ni stima inayovuja

Wakazi wa Kilifi wanaijua Baricho. Visima vilivyo kando ya Mto Sabaki, huko Magarini, ndivyo vinavyolisha Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa, na hata sehemu ya Mombasa. Maji hayo hayaendi yenyewe. Husukumwa na pampu za umeme. Ni tofauti na bomba la Mzima, lililokamilika katika miaka ya 1950, ambalo huleta maji Mombasa kutoka Tsavo kwa nguvu ya mteremko.

Kuinua lita 1,000 za maji hadi kimo cha mita 100 huhitaji zaidi ya robo yuniti ya umeme, hata kama pampu ingekuwa haipotezi chochote. Pampu ya kawaida huhitaji karibu nusu yuniti. Sasa fikiria kwamba kote nchini, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayalipiwi, kwa sababu huvuja, huibwa au hayapimwi vizuri. Maji yanayomwagika barabarani tayari yameshalipiwa stima ya kuyavuta na kuyapandisha. Kampuni ya maji ikilemewa na bili ya umeme, mifereji hukauka, na mama hurudi kununua mtungi kwa bei ya mkokoteni.

Kwa hiyo kuziba bomba lililopasuka ni kuokoa kawi. Kupiga ripoti ya uvujaji mapema ni kuokoa kawi. Kubadilisha pampu iliyochakaa, na kuvuta maji ya kujaza matangi nje ya saa za jioni, ni kuokoa kawi. Katika visima vya vijijini, pampu ya jua hufanya kazi mchana na kujaza tangi kabla ya giza, bila tokeni wala dizeli.

Jikoni

Hata hivyo, kwa nyumba nyingi za Ganze, Kaloleni na Magarini, kawi inayogharimu zaidi si stima. Ni kuni na makaa. Gharama yake hulipwa kwa pesa, kwa miguu ya kina mama na wasichana wanaotafuta kuni, kwa macho na mapafu yanayokula moshi, na kwa msitu.

Upotevu huanzia kwenye tanuri. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo kumi za mti huweza kutoa kilo moja au mbili tu za makaa. Kisha makaa hayo huwekwa kwenye jiko la bati tupu, joto likatoka pembeni. Kenya ilipata dawa ya sehemu hii katika miaka ya 1980, lilipobuniwa jiko la kauri, bati nje na udongo uliochomwa ndani, kwa kuboresha mfano uliotoka Thailand. Jiko hilo hupunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50, na hutengenezwa na mafundi wa humu humu nchini. Nyumba iliyokuwa ikimaliza gunia moja kwa mwezi huweza kulivuta gunia hilo hadi wiki ya sita au zaidi. Ufa wa kauri usipuuzwe. Jiko lililopasuka ndani limerudi kuwa bati.

Mbinu nyingine hazihitaji kununua kitu. Mbaazi na maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva haraka zaidi. Sufuria iliyofunikwa huchemka mapema. Kuni kavu hutoa joto zaidi na moshi mchache kuliko kuni mbichi. Sufuria ya mbaazi iliyochemka vizuri huweza kutolewa motoni na kufungiwa ndani ya kikapu kilichosheheni nguo kuukuu au majani makavu, ikaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Mama karanga anayekaanga samaki jioni nzima atanufaika na kuta za matofali zinazokinga moto dhidi ya upepo wa bahari. Shule inayopikia wanafunzi mamia kwenye mafiga matatu, nayo yaweza kupunguza sana kuni kwa kujenga jiko la taasisi lenye bomba la moshi. Pesa za kuni zikipungua, mzazi hubanwa kidogo zaidi na michango ya chakula.

Je, tukitumia kidogo bei haitapanda?

Swali hili huulizwa, na lafaa lijibiwe kwa ukweli. Mitambo ya umeme na laini zina gharama ambazo hulipwa hata umeme usipotumika. Wateja wote wakipunguza matumizi saa zote, gharama hizo zingegawanywa kwa yuniti chache. Ndiyo maana suala si kutumia kidogo tu. Suala ni kuacha kupoteza, na kuchagua wakati.

Saa mbili usiku, kila wati inayookolewa hupunguza haja ya kuchoma mafuta, na huahirisha haja ya kujenga mtambo mwingine. Saa tisa za usiku hali ni kinyume. Mahitaji huwa ya chini hivi kwamba nyakati nyingine mvuke wa Olkaria huachiliwa uende angani bila kuzalisha kitu. Kiwanda cha barafu kinachogandisha barafu yake usiku wa manane, au pampu inayojaza matangi alfajiri, hutumia kawi ambayo ingepotea. Kwa viwanda na biashara kubwa, mpango wa bei nafuu kwa matumizi ya ziada ya usiku ulianza Desemba 2017. Wenye biashara waulize kama wanastahili.

Wajibu wa kaunti

Kazi hii si ya mwananchi peke yake. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti wajibu katika usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi, ndani ya mipango na maendeleo ya kaunti. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Mpango huo hulipiwa na kodi, kwa hiyo mkazi ana haki ya kuuliza.

Taa ya barabarani ya wati 100 ikiachwa iwake mchana kwa saa 12, hupoteza zaidi ya yuniti moja. Taa mia moja za namna hiyo hupoteza yuniti 3,600 kwa mwezi, na bili hiyo hutoka kwenye mfuko ule ule unaonunua dawa za zahanati. Kwa hiyo, kwenye vikao vya kushirikisha umma kuhusu bajeti, maswali haya yanafaa kuulizwa. Ofisi za kaunti hutumia yuniti ngapi kwa mwezi? Ni nani anayezima viyoyozi saa kumi na moja jioni? Taa za barabarani zinazowaka mchana huripotiwa kwa nani, na hurekebishwa baada ya siku ngapi? Majengo mapya ya soko na zahanati yana madirisha ya kupitisha upepo, au yamejengwa yakisubiri kiyoyozi? Serikali inayowaomba wakazi wabane matumizi lazima ianze na swichi zake.

La kufanya wiki hii

Kabla ya kutawanyika, kila nyumba ichague mambo matatu. Kwanza, kusoma mita leo na kuisoma tena baada ya siku saba, ili ijulikane stima inakwenda wapi. Pili, kubadilisha balbu moja, ile inayowaka saa nyingi zaidi. Si lazima zote kwa pamoja. Balbu ya kwanza itasaidia kununua ya pili. Tatu, kuloweka mbaazi za kesho usiku wa leo.

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Taifa halikosi pesa za kawi kwa sababu ya mtu mmoja aliyeacha taa ikiwaka. Hukosa kwa sababu nyumba milioni kadhaa huiacha taa hiyo, saa ile ile, kila siku. Buyu hilo likilindwa kwa mikono mingi, asali itabaki ya karo, ya dawa na ya mtaji.